Je, wajua mwigizaji halazimiki kukumbuka msiba wake ili alie?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mwigizaji hodari akitaka kulia jukwaani humkumbuka marehemu wake, na machozi yakaja. Niliamini pia kuwa hayo ndiyo mafundisho ya Konstantin Stanislavski, mwalimu mkubwa wa uigizaji wa Urusi. Nilikosea, na wengi bado wanakosea hivyo hivyo.

Kosa hili lina asili yake. Stanislavski, aliyezaliwa mwaka 1863 na mwaka 1898 akaanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, aliwahi kweli kuwafanyisha wanafunzi zoezi la kumbukumbu ya hisia: unarudia moyoni tukio la zamani mpaka uchungu wake uamke. Wanafunzi wake wawili, Richard Boleslavsky na Maria Ouspenskaya, walilifundisha New York miaka ya 1920, na Lee Strasberg, mwalimu wa uigizaji wa Marekani, akalifanya nguzo ya mafundisho yake. Marekani ikalishika, nasi tukalipokea kutoka huko.

Lakini mwalimu mwenyewe alikuwa ameshasonga mbele. Mwaka 1934 Stella Adler, mwigizaji wa New York ambaye zoezi hilo lilikuwa limemwondolea raha ya kazi, alikutana naye Paris, wakafanya kazi pamoja kwa wiki kadhaa. Alirudi na habari kwamba mzee sasa anaanza na kitendo na mazingira ya kisa, si na donda la mwigizaji. Strasberg hakukubali. Adler akafuata njia hiyo mpya, na baadaye Marlon Brando, nyota wa filamu wa Marekani, akawa mwanafunzi wa Adler. Simulizi ya Paris tunaipata zaidi kwa Adler mwenyewe, na si kweli kwamba Stanislavski aliitupa kabisa kumbukumbu ya hisia. Aliacha tu kuitanguliza.

Sasa, kitendo kinaletaje machozi? Fikiria usingizi. Hakuna anayeweza kujiamuru, "Lala!", akalala papo hapo, kadiri unavyoukazania ndivyo unavyokimbia. Unachoweza ni kutandika, kuzima taa, kushusha chandarua, kujilaza na kutulia. Hayo yako mikononi mwako. Usingizi hauko mikononi mwako, lakini ukiyafanya hayo sawasawa, huja wenyewe. Kwa Stanislavski, hisia ni kama huo usingizi.

Katika kitabu chake cha mafunzo kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwanafunzi wa kike anaambiwa atafute pini ya mapambo iliyochomekwa kwenye pazia. Anapanda jukwaani, anakimbia huku na huku, anajishika kichwa, anahema. Anashuka ameridhika kabisa. Mwalimu anamuuliza: pini iko wapi? Kumbe hata hakuitafuta! Anarudishwa, na safari hii anaambiwa asipoipata ataacha shule. Basi anaanza kulipekua pazia kunjo kwa kunjo, polepole, macho hayabanduki. Hakimbii tena wala hajishiki kichwa, lakini wanaomtazama wanaiona hofu yake. Mara ya kwanza aliigiza hofu. Mara ya pili alitafuta pini, hofu ikamfuata.

Ndiyo maana mwigizaji wa aina hii, akipewa nafasi ya mjane, haulizi "nihuzunike vipi?" Anauliza: ninafanya nini hapa? Labda anakunja shati la mumewe, na mfukoni anakuta tiketi ya basi ya safari ambayo mume hakuwahi kuifanya. Anainyoosha ile tiketi kwa kidole gumba.

Mwaka 1928 Stanislavski alipata mshtuko wa moyo akiwa jukwaani, akaimaliza sehemu yake, na hakuigiza tena. Miaka yake kumi ya mwisho alifundisha zaidi nyumbani kwake Moscow. Waigizaji waliomfuata huko hawakuanza kwa kukariri maneno. Walianza kwa kufanya: kuficha, kuzuia, kushawishi, kutafuta. Maneno ya mwandishi yalikuja baadaye.