Nyanjiru na suruali za wanaume: Nairobi, Machi 1922

Kila ninapowapeleka wanafunzi wangu Barabara ya Harry Thuku, Nairobi, huwa nawasimamisha kwanza karibu na Kituo Kikuu cha Polisi, kisha nawageuza watazame upande wa Hoteli ya Norfolk. Nataka waone jinsi sehemu hizo mbili zilivyo karibu. Vitabu vingi huyaita yaliyotokea pale "ghasia za Harry Thuku", na jina hilo linaniuma. Watu wale walikwenda kumdai Thuku, kiongozi wao aliyefungwa bila kufikishwa mahakamani. Walioleta bunduki ni wengine.

Thuku alikuwa karani wa simu serikalini. Mwaka 1921 aliongoza kuundwa kwa East African Association, chama kilichopokea watu wa makabila mbalimbali, na alisaidiwa sana na Manilal Desai, mwanasiasa Mhindi wa Nairobi. Malalamiko hayakuwa ya kubuni. Kila mwanamume Mwafrika aliyetoka kwao kwenda kutafuta kazi alilazimika kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake, imekunjwa ndani ya kikebe cha bati kilichofungwa kamba na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia saini kwamba amekuachilia, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukiondoka hivyo hivyo unasakwa kama mhalifu.

Juu ya hilo likaja suala la fedha. Serikali ilipoipandisha thamani rupia, sarafu ya koloni wakati ule, hadi shilingi 2 za Kiingereza, kutoka shilingi 1 na peni 4, walowezi waliouza mazao yao London na kudaiwa na benki kwa rupia walijikuta madeni yameongezeka kwa nusu. Mzigo wakautua kwa wafanyakazi: mwaka 1921 waajiri wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Wakati huo kodi ya kibanda ilikuwa imeshapandishwa kutoka rupia 5 hadi 8.

Lakini jambo ambalo wanafunzi hulisahau ndilo ninaloliona kuwa kiini cha siku ile. Machifu walikuwa wakiwakusanya wasichana na wanawake kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na wengine walirudi wamenajisiwa. Thuku alilitamka jambo hilo hadharani. Kwa hiyo wanawake waliofika pale hawakuwa wamefuata waume zao. Aliyekamatwa alikuwa msemaji wao.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku iliyofuata watu wakakusanyika, wakasali, wakala kiapo, na mgomo ukatangazwa. Maboi, wapishi na madereva wakaacha kazi. Kufikia tarehe 16, umati nje ya kambi ya polisi ulikadiriwa kuwa kati ya watu 7,000 na 8,000.

Wajumbe sita walikwenda kuonana na Katibu wa Koloni, Sir Charles Bowring. Walirudi mikono mitupu, wakawaomba watu watawanyike. Baadhi wakaanza kuondoka. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke kutoka Weithaga, Murang'a, alipojitokeza mbele, akainua nguo yake mpaka mabegani na kuwaambia wanaume wachukue nguo yake nao wampe suruali zao, maana ni waoga, na kiongozi wao yumo mle ndani.

Kwa Wagikuyu, mwanamke wa rika la mama yako kukuonyesha utupu wake si matusi ya kawaida. Ni laana. Wanawake walipiga ngemi, vigelegele vyao, na umati ukasonga mpaka bayoneti zikawa karibu na miili. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Simulizi nyingi zinasema walowezi waliokuwa barazani Norfolk nao walifyatua risasi, na ndiyo maana huwageuza wanafunzi wangu watazame huko. Serikali ilihesabu maiti 21, wanne kati yao wakiwa wanawake. Wafanyakazi Waafrika wa chumba cha maiti walitaja 56.

Miaka 70 baadaye, mwendo mfupi tu kutoka hapo, laana ile ile ilirudi. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walianza kufunga kula katika bustani ya Uhuru Park wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya vijana wale waliovaa sare. Wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Wengi wa wana wao walitoka mwaka 1993.

Kwa Thuku mambo hayakwenda hivyo. Kodi ya kibanda, zile rupia 8 zilizokuwa sawa na shilingi 16, ilipunguzwa hadi shilingi 12, lakini yeye alipelekwa Kismayu, na hakuachiliwa mpaka mwisho wa mwaka 1930. Aliporudi aligombana na wenzake wa siasa, akajitenga nao, akapinga Mau Mau, akawa mkulima wa kahawa. Wanafunzi huniuliza kama basi Nyanjiru alikufa bure. Huwarudisha kwenye wale wasichana waliochukuliwa kwa nguvu mashambani, kwa sababu naamini kwamba nao walikuwa mawazoni mwake alipoishika nguo ile.