"Shall": neno dogo linalosumbua mahakama

Ukiniletea mkataba wa Kiingereza nikutafsirie, sianzi na kamusi. Nachukua kalamu nyekundu na kuzungushia duara kila "shall" ninayoikuta. Shuleni neno hili hufundishwa kwa dakika mbili: "shall" ni wakati ujao wa "I" na "we", wengine wote wape "will", twende mada inayofuata. Kanuni hiyo ni ya zamani. John Wallis aliiweka mwaka 1653 katika kitabu cha sarufi ya Kiingereza alichokiandika kwa Kilatini, na walimu wamekuwa wakirithishana tangu hapo. Waingereza wengi wa leo hawaifuati, na Wamarekani ndiyo kabisa. Hata hivyo neno halijafa. Limehamia kwenye sheria na mikataba, na huko ndiko linakowala watu fedha.

Asili yake ni deni. Katika Kiingereza cha kale, "sceal" ilimaanisha kwamba mtu anadaiwa, na kwa kuwa anadaiwa, imempasa kulipa. Kijerumani bado kinao ndugu zake: "sollen", yaani kupaswa, na "Schuld", ambalo ni deni na papo hapo ni hatia. "Will" kwa upande wake lilikuwa kutaka. Kwa hiyo Mwingereza aliujenga wakati wake ujao kwa vitenzi viwili, kimoja cha deni na kingine cha matakwa. Sisi tulipita njia ya kutaka peke yake: -ta- yetu imetokana na -taka, na masalia yake unayasikia kila unaposema "atakayekuja". Deni hatukuliingiza kwenye wakati. Tukitaka kulisema tunatamka lazima, sharti, budi, kupaswa, au tunakipa kitenzi -e mwishoni, kazi imekwisha.

Ndiyo maana "shall" moja ya Kiingereza hutoka kwetu na sura tofauti. Weka Biblia mbili kando kwa kando. Ile ya King James ya mwaka 1611 inasema "Thou shalt not kill". Ya Kiswahili ya Union Version inasema "Usiue". Fungua Zaburi ya 23: "I shall not want", na kwetu "Sitapungukiwa na kitu". Kitenzi kisaidizi ni kilekile, lakini kule Mungu anaamuru na huku mwimbaji anatangaza tumaini lake, na Kiswahili hakikubali kuyavalisha mambo hayo vazi moja. Barazani nako, "Shall we go?" ni "Twende?", na "Shall I open the window?" ni "Nifungue dirisha?" Anayeandika "Je, tutakwenda?" amegeuza pendekezo kuwa swali la ratiba.

Sasa njoo kwenye mkataba wa pangisho, ambako kuna utajiri wote. "The tenant shall pay the rent": hapo ni wajibu, asiyelipa amevunja mkataba. "This agreement shall commence on 1 July": tarehe haiwezi kubebeshwa wajibu, hilo ni tamko tu, na Kiswahili safi ni "Mkataba huu unaanza". "The tenant shall have the right to renew": hapo mpangaji anapewa haki. Kisha kuna hii iliyowaponza wengi: "The landlord shall not be required to repaint." Nimeona ikiandikwa "Mwenye nyumba hatatakiwa kupaka rangi upya." Isome tena kwa sikio la mtaani. Kwetu, "hutakiwi kuingia humu" ni katazo. Mpangaji mkorofi anaweza kusimama mlangoni na kumwambia mwenye nyumba, na kopo lake la rangi mkononi, kwamba mkataba unamzuia. Kilichokusudiwa ni kwamba hana wajibu. Akipenda apake, asipopenda basi. "Hatalazimika" inamaliza ubishi.

Na -ta- tupu, kama katika "Mpangaji atalipa kodi", inatosha kubeba wajibu? Inategemea. Mama akisema "Leo utaoga", hakuna mtoto anayesikia utabiri. Ila mama ana sauti na macho, karatasi haina. Kwenye kuanzisha jambo, -ta- inafanya kazi vizuri sana: ibara ya 33 ya Katiba ya Tanzania inasema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", na hakuna anayedhani waandishi walikuwa wanapiga ramli. Kwenye wajibu wa fedha mimi siiamini. Naandika "atawajibika kulipa" au "ni lazima alipe", hata sentensi ikipoteza urembo.

Mtu atasema sheria imeshatatua jambo hili. Ni kweli kwamba Tanzania, katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, imeeleza waziwazi: "may" linatoa hiari, na "shall" likitumika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Ungedhani kesi imefungwa. Lakini Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 118 ya mwaka 2006, ilimkuta jaji aliyesahau kumweleza mshtakiwa mwenye wakili haki zake za kujitetea, jambo ambalo sheria ilisema "shall". Ikaamua kwamba "shall" ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si amri isiyopinda. Cha kuangalia ni kama kosa hilo lilileta dhuluma. Kwa hiyo hata neno linapopewa maana kwa sheria ya Bunge, mahakama bado inauliza lilikuwa na kazi gani pale lilipo.

Kenya wamelipia neno hili zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 81(b), inasema katika vyombo vya kuchaguliwa si zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe "shall be of the same gender", yaani wawe wa jinsia moja. Je, sharti hilo lilianza palepale, au ni lengo la kufikiwa hatua kwa hatua? Mahakama ya Juu ilitoa ushauri wake Desemba 2012. Majaji walio wengi walisema "shall" ni amri ya papo kwa papo pale tu ambapo kazi yenyewe iko wazi, inatekelezeka kama ilivyo bila maandalizi zaidi, na iko mikononi mwa mamlaka moja. Theluthi mbili haikuwa hivyo, kwa hiyo Bunge likapewa hadi 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Kwake wajibu ulikuwa wa mara moja. Mimi si wakili, lakini kama msomaji wa sentensi naona Mutunga alisoma kilichoandikwa na wenzake wakasoma kinachowezekana.

Tarehe ikapita, sheria haikupatikana. Ibara ya 261(7) ya Katiba hiyohiyo ikaingia uwanjani ikiwa na "shall" mbili mfululizo: Bunge likishindwa kutii amri ya mahakama ya kutunga sheria inayotakiwa, Jaji Mkuu "shall advise" Rais alivunje Bunge, na Rais "shall dissolve". Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga aliitii yake, akamwandikia Rais. Ya pili haikutekelezwa. Watu walikimbilia Mahakama Kuu, ushauri ukasimamishwa, na Bunge likaendelea hadi uchaguzi wa 2022. Maneno mawili yanayofanana, katika sentensi moja, umbali wa maneno machache tu, moja likauma na lingine likabaki kwenye karatasi.

Wanadiplomasia wanalijua jino hilo. Tarehe 12 Desemba 2015, mjini Paris, rasimu ya mwisho ya mkataba wa tabianchi iligawiwa ikisema katika ibara ya 4 kwamba nchi zilizoendelea "shall" ziendelee kuongoza katika kupunguza hewa chafu. Wanasheria wa Marekani waliruka. Matoleo ya nyuma yalikuwa na "should", na tofauti ilikuwa hii: wajibu wa kisheria wa namna hiyo ungemlazimu Rais Obama kuupeleka mkataba Seneti, ambako ungekufa. Kikao kikachelewa huku watu wakinong'onezana ukumbini. Mwishowe sekretarieti ikasoma orodha ya masahihisho madogo ya uchapaji, "shall" ikawa "should" katikati ya orodha hiyo, na Laurent Fabius, Mfaransa aliyeongoza mkutano, akagonga nyundo. Kwa Kiswahili tungekuwa tumetoka kwenye "ni lazima" tukaingia kwenye "inafaa". Nadhani hakuna uchapaji uliowahi kuwa mkubwa kiasi hicho.

Wapo waliochoka nalo. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inatumia "must". Marekani ilipoandika upya kanuni za mashauri ya madai ya mahakama za shirikisho mwaka 2007, "shall" iliondolewa. Waandishi wa sheria wa Bunge la Uingereza nao hulikwepa siku hizi.

Kwetu jambo hili si la maktaba tena. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, "shall" kwa maelfu zinahitaji makao mapya, na watafsiri tunabishana. Wenzangu wengine wanasema tuweke -ta- kila mahali: kama Kiingereza kilikuwa na utata, mtafsiri hana mamlaka ya kuutatua. Kwenye sheria za Bunge nawakubalia. Naacha -ta- na kuweka alama pembeni ili mwandishi wa sheria aamue mwenyewe. Mikataba ni habari nyingine, kwa sababu mwenye maneno yuko hai na ana simu. Namuuliza: ulitaka lazima alipe tarehe moja, au ulikuwa unatarajia tu kwamba atalipa? Sijapata bado mwenye nyumba aliyejibu kuwa alikuwa anatarajia.