Kwa nini kamera ya nyumbani inagoma ukiwekwa kwenye anwani ya IP ya pamoja?

Je, wajua kwamba ruta yako inaweza kuwa na anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) isiyofikika kutoka nje ya kampuni yako ya intaneti? Ukitazama video hutahisi lolote. Kasheshe huanza unapotaka kufungua kamera ya nyumbani ukiwa mbali.

Chanzo ni uhaba. Anwani za IPv4, toleo la zamani la IP, zina biti 32, yaani hazifiki hata bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011. Kampuni zinazoongeza wateja hununua anwani kwa wenzao, au huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja kwa mfumo uitwao CGNAT. Mwaka 2012 safu ya 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 ilitengwa mahususi kwa kazi hiyo.

Wateja hutofautishwa kwa namba za poti, yaani milango ya mawasiliano kwenye anwani. Tuseme ruta yako imepewa 100.72.14.9 na simu yako inafungua tovuti kupitia poti 51344. Mtambo wa kampuni unaandika kwenye jedwali kwamba mawasiliano hayo yatatoka kama 203.0.113.20, poti 30117. Jibu likirudi kwenye poti hiyo, unaletewa. Anayebisha hodi bila wewe kuanza hana mstari kwenye jedwali, hivyo pakiti zake (vipande vya data) zinatupwa. Ndiyo maana kufungua poti kwenye ruta ni kazi bure: kizuizi kiko kwa kampuni.

Kila anwani ina poti 65,536 tu. Mteja akitengewa takriban 1,000, anwani moja inabeba wateja kama 64. Poti zikimwishia, kurasa hufunguka nusunusu ingawa kipimo cha kasi hakina kasoro. Hapo wengi hubadilisha ruta bila sababu. Tena mmoja akituma barua taka, tovuti inaweza kuwafungia wote.

Kupima ni rahisi. Zima VPN, ingia kwenye ukurasa wa ruta, soma anwani ya WAN (ile ruta inayotumia upande wa kampuni), kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kupima IP. Zikitofautiana, uko nyuma ya NAT nyingine, yaani mfumo mwingine wa kugawana anwani. Ya WAN ikianza na 192.168, hakikisha kwanza si ruta yako ya pili.

Omba anwani ya umma, yaani inayofikika kutoka nje, ingawa mara nyingi hulipiwa. IPv6, toleo jipya la anwani za IP, ni bora zaidi, ilimradi simu unayotumia huko nje nayo iwe na IPv6. Vinginevyo, jenga njia ya WireGuard (aina ya VPN) kutoka nyumbani hadi seva yenye anwani ya umma, na uweke PersistentKeepalive iwe 25, ili itume ishara ndogo kila sekunde 25. Bila ishara hizo, njia ikikaa kimya mstari wako hufutwa kwenye jedwali na kamera inapotea tena.