Jua la dirishani halimtoshi mjusi mgonjwa

Kisumu jua tunalo, ndiyo maana wafugaji wa mjusi mwenye ndevu, yule wa asili ya Australia, huweka kisanduku chake cha kioo dirishani wakidhani yamekwisha. Sivyo. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu mionzi yote ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo ngozi ya mjusi huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila D3 kalsiamu ya chakula hainyonywi vizuri, na mwili huanza kuichota mifupani. Ndipo unapoona taya linabonyea kama mpira, miguu inatetemeka, tumbo linaburuzwa.

Aliyefika hapo hahitaji makao ya kifahari. Ondoa matawi marefu asianguke akavunjika. Toa mchanga, tandika gazeti. Sehemu ya kuota joto iwe nyuzi 38 hadi 42, upande wa pili karibu 25. Weka taa ya kutoa UVB; mionzi yake huchoka kabla ya mwanga wake kufifia, kwa hiyo ibadilishe kila miezi 6 hadi 12. Au mtoe nje asubuhi kwenye kizimba cha waya chenye kivuli, nawe ukae papo hapo. Mwewe wa Kisumu hawana adabu. Kisanduku cha kioo usikianike juani kamwe, atapikika. Panzi wake wanyunyizie kalsiamu ya unga, ila dozi ya mgonjwa muulize daktari wa mifugo.