Majani Yameoza, Mmea Haujafa

"Fundi, ile mimea uliyonipandia imekufa yote."

Wiki hii pekee nimeipokea simu hiyo mara tatu, kutoka Sinza, Tabata na Kigamboni, na kila nilikokwenda nilikuta yaleyale: tangi la samaki limebaki mchanga na mawe, mimea iko kwenye ndoo ya takataka. Tabata niliuokota mmoja, wa aina ya mmea wa majini uitwao kriptokorini, nikausuuza bombani, nikampa mama mwenye nyumba aubinye pale shingoni, mizizi inapokutana na majani. Ulikuwa mgumu kama kiazi kibichi, na mizizi yake myeupe. Mmea mzima kabisa, siku tisa tu tangu niupande, umetupwa kwa sababu majani yamelegea na kuwa kama mlenda.

Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi haikukulia majini. Mashambani inalelewa nje ya maji, kwenye hewa yenye unyevu mwingi, maana huko inakua haraka na haipati mwani, ule utando wa kijani wa majini, wala konokono. Majani yake ni ya kuishi hewani: yana utando wa nta wa kuyazuia yasikauke, na vitundu vya kuingizia hewa ukaa. Ukiyazamisha, kazi yake imekwisha. Ndani ya maji hewa ukaa inasambaa karibu mara 10,000 polepole zaidi kuliko hewani, kwa hiyo mmea unataka majani membamba, laini, yanayofyonza kupitia ngozi yake yote. Unachofanya ni kunyonya akiba iliyomo kwenye majani ya zamani, kuyaacha yaoze, na kuchipua mapya. Unajivua gamba.

Kriptokorini, ambayo asili yake ni Sri Lanka na nchi za kusini-mashariki mwa Asia, ndiyo inayoongoza kwa kuoza majani hivi, tunakokuita kuyeyuka. Hata ikishazoea tangi, badiliko la ghafla linatosha kuiangusha, na mabadiliko ya ghafla Dar hatuyakosi. Bomba likikauka siku nne mtu anaita boza, boza limejaza kisimani, na visima vingi vya ukanda wetu wa pwani vina chumvi. Ukimwaga ndoo tano za maji hayo kwa mpigo, kesho yake majani yote yamelala. Ndiyo maana kila mteja wangu namsihi awe na pipa la akiba, na asibadilishe zaidi ya robo ya maji ya tangi kwa siku moja.

Kuyeyuka kwenyewe hakunisumbui. Kinachoniumiza ni yale mtu anayofanya akishayaona. Anaongeza mwanga, taa inawaka tangu alfajiri mpaka usiku wa manane. Anamimina mbolea. Anaung'oa mmea aangalie mizizi, anaurudishia, kesho anaung'oa tena. Mmea uliopoteza majani hauna cha kupokelea mwanga huo, wala hauli mbolea hiyo. Anayekula ni mwani. Na kriptokorini inategemea sana mizizi katika kula, kwa hiyo kila ukiing'oa umeirudisha siku ya kwanza. Wiki ya tatu vioo ni kijani, mchanga una manyoya, ndipo napigiwa simu.

Tafadhali, fanya hivi. Kata majani yaliyooza karibu na shina uyatoe, kwa sababu yakiachwa yanazalisha amonia na samaki ndio watakaolipa. Taa iwake muda wa saa 6 hadi 8, basi. Kama una taima, ifunge. Mbolea usiiguse mpaka uone majani mapya mawili au matatu. Mkono usiingie mchangani kwa wiki nne. Nne, siyo nne kasoro. Jani jipya litatoka dogo, limejikunja kama sindano ya kushonea magunia, na mara nyingi lina rangi ya kahawia. Msilidhanie nalo limeoza. Ukiwa na shaka binya shingo. Ikiwa laini na inanuka, hapo mmea umekufa kweli, utupe.

Mengine nayasema haraka. Kuweka tangi dirishani kwa kuwa jua ni la bure: jua letu la alasiri nimelipima kwenye tangi la lita 40, maji yakafika nyuzi 34, na mwani ukafuata. Mbolea ya bustani nayo isikaribie tangi. Urea majini inageuka amonia, na maji yakiwa ya moto sumu yake inazidi.

Anubiasi haizikwi. Ni mmea wa Afrika Magharibi na Kati unaoshikilia mawe na magogo mitoni. Ukifukia lile shina lake nene linalotambaa, linaoza. Lifunge kwenye jiwe kwa uzi, mizizi itajishikiza yenyewe. Na ule "mwanzi wa bahati" mnaouziwa kama mmea wa majini si mwanzi na si wa majini, ni drasena. Mizizi iwe ndani ya maji, majani yawe nje. Ukiuzamisha wote, baada ya miezi michache unaozea humo.

La mwisho ni la kuzima pampu ya hewa usiku eti mimea inatoa oksijeni. Inatoa kukiwa na mwanga tu. Gizani inavuta oksijeni kama samaki, na maji ya nyuzi 30, hata yakishiba, yanabeba takriban miligramu 7.5 tu kwa lita. Amka saa kumi na moja alfajiri utazame: samaki wote wako juu, midomo nje. Pampu iachwe iwake. Umeme ukikatika, chota maji ya tangi kwa jagi uyamimine humohumo kutoka juu, mara ishirini, thelathini, mpaka uone wanaanza kushuka.