Ute wa bamia hauendi gotini

Jumanne asubuhi, hata sijamaliza kufungua duka langu la mitishamba, nakuta mzee mmoja nahodha wa zamani ameshakaa barazani, goti limevimba kama dafu, mkononi chupa ya soda ya lita moja na ndani yake maji yanayovutika kama kamasi. Ni mzee wa heshima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba alafu bila kupumua akaniambia, "Mwanangu, hii nimeinywa siku ishirini na goti ni lile lile, nafikiri bamia za sokoni siku hizi si bamia, hebu nipe mbegu za asili nipande mwenyewe."

Ati bamia si bamia!

Huyo alikuwa wa tatu wiki hiyo. Wa kwanza mama mmoja wa Barani, wa pili kijana wa bodaboda ambaye magoti yake hayana shida yoyote ila ameskia ni vizuri kujikinga mapema, na wote watatu chanzo ni kimoja, ile odio ya wasapu ya jamaa mwenye sauti nzito anayesema goti likikauka ute mifupa yasagana, bamia ina ute, basi kata bamia loweka usiku kunywa alfajiri ute wako urudi. Yaani kwa hesabu hiyo wenye vipara tuwalishe makumbi ya nazi.

Sa nisikilizeni, manake hii nimeieleza mdomoni mpaka nimechoka. Ute wa goti hautoki tumboni. Ndani ya goti kuna utando mwembamba na huo utando ndo kiwanda, wachuja majimaji kutoka kwenye damu alafu waongeza kitu chaitwa asidi ya hayaluroni, hicho ndo chafanya maungio yateleze. Ute wa bamia ni minyororo mirefu ya sukari iliyotengenezwa na mmea kwa shida zake mwenyewe, na matumbo yetu hayana kimeng'enya cha kuikata. Haiingii kwenye damu. Yapita hivo hivo mpaka utumbo mpana, huko bakteria wanaila, kinachobaki wajua chatokea wapi. Na hapa kuna wajuaji hunidaka, "lakini hata hayo mahayaluroni si ni mnyororo wa sukari?" Ndio, ni kweli. Hata kamba ya mnazi na waya wa stima zote ni ndefu, hebu washa taa kwa kamba.

Ute ni dawa ya kugusa. Hilo ndo jambo moja ningetaka mtu aondoke nalo hapa dukani hata kama hanunui kitu. Wafanya kazi pale ulipogusa na si pengine. Koo limekwaruzika kwa kikohozi kikavu, ute unapaka, kikohozi chapungua kwa muda. Choo kigumu, ute unashika maji ndani ya utumbo, choo chalainika. Ngozi imeungua na jua au imewasha, jani limepondwa na kubandikwa, yatulia. Wazungu walikuwa na mmea wao wa ukoo huu huu, mizizi yake wailoweka kwa ajili ya koo, na zile peremende laini nyeupe za watoto zilianzia hapo japo siku hizi hazina hata tone la mzizi. Waarabu huo huo waliuita khitmi na umo kwenye tiba yao tangu zamani. Kote huko kazi ni zile zile: koo, tumbo, ngozi.

Nikamwonyesha mzee. Nikamimina maji yake kwenye glasi mbili, moja nikaikamulia nusu ndimu, nikampa kijiko. Glasi ya kwanza anainua kijiko uzi wamfuata mpaka kidevuni, ya ndimu anainua uzi wakatika nusu njia. Akacheka, akasema mkewe kila siku atia ndimu kwenye bamia na yeye hakuwahi kujiuliza kwa nini. Si ndo hivo, mpishi yeyote wa hapa ajua akitaka bamia isiteleze atatia ndimu au nyanya au ukwaju, na anayepika mlenda akitaka uteleze zaidi atatia magadi. Jikoni kemia twaijua, tukiiita dawa tu akili zaruka. Kwa hivo ukitaka ute, maji ya baridi, saa kadhaa, chuja, basi, usichemshe robo saa alafu utie ndimu na asali na tangawizi ukaniuliza mbona maji yamekuwa maji. Nikiri pia kitu kimoja: kooni nina uhakika, utumbo nina uhakika, lakini tumboni pale katikati ambapo asidi ni kali kuliko hiyo ndimu, ute wabaki na nguvu kiasi gani? Wenye vidonda vya tumbo wengine huniambia wapata nafuu, wengine hawaoni kitu, na mimi sijiapishi.

Alafu likaja lililonitoa jasho. Nikamuuliza, mzee, dawa zako za sukari wanywa saa ngapi? Akajibu bila wasiwasi, "Na hii hii, nasukumia." Subhanallah. Ute unaopunguza kasi ya sukari kuingia mwilini ndo huo huo waweza kuizuia dawa isiingie. Kwa panya ilishapimwa, metformini, kile kidonge cha sukari, iliyotolewa pamoja na maji ya bamia haikufanya kazi yake vizuri. Panya si nahodha, najua, lakini kwa nini ujaribu? Weka masaa mawili kati ya ute na kidonge chochote, si cha sukari peke yake. Na kuhusu bamia kutibu sukari yenyewe, nimeona wateja kipimo chao kimeshuka kidogo, lakini haohao wameacha soda na mahamri ya asubuhi, sa sifa nimpe nani?

Haya, kuutambua huu ukoo. Kitaalamu ni Malvaceae, na tangu 1998 wataalamu wa mimea walipoupanga upya ukameza koo nyengine tatu, ndo mana leo bamia, choya, mpamba, mtakawa wa ufukweni, mbuyu, msufi, mkone, mlenda, hata kakao, wote wala sahani moja. Watu wakiskia mbuyu ni ndugu wa bamia hucheka. Basi chuma ua la haibiskasi kwenye ua wa hoteli yoyote, tazama katikati: nyuzi za kiume hazikusimama moja moja, zimeungana zikawa bomba, vichwa vya chavua vimetoka ubavuni kama vifungo, na nchani kabisa kuna vidoti vitano. Vuta petali taratibu, zatoka pamoja na lile bomba manake chini zimeshikana. Alafu nenda Gede ua la mbuyu likiwa limedondoka asubuhi, lile jeupe la usiku ambalo popo hulifuata, utakuta bomba lile lile limefumuka juu kama brashi ya kunyolea.

Ila, na hapa vitabu huruka haraka sana, mlenda na mkone hazina hilo bomba. Nyuzi zao ziko huru. Kwa hivo ukifuata bomba peke yake utawafukuza ndugu halali. Mimi huanza na gome: vunja kitawi, vuta, gome latoka ukanda mrefu wa nyuzi kama kamba, ambao wachunga mbuzi walifungia kuni kabla ya kamba za nailoni. Pili ponda jani na matone ya maji katikati ya vidole (usitafune usichokijua!), likiteleza endelea. Tatu lenzi ya mara kumi, mgongo wa jani, kwa wengi wao utaona vinywele vimejigawa kama nyota ndogondogo. Ute peke yake haukwambii kitu, nderema yateleza na si wa huku, mshubiri wateleza na si wa huku kabisa.

Na hata ukishajua ukoo hujajua dawa. Mitakawa hapa pwani ni miti miwili tofauti, jina moja, maua yote ya njano yanayogeuka rangi kabla siku kuisha, na mtu aniletea gome la mmoja akiapa ni la mwengine. Tazama mgongo wa jani: mmoja una unga mweupe laini, mwengine ni kijani kitupu pande zote na tunda lake halipasuki. Kuna wale mfagio wa uwanjani, sida, huwa wanitesa mpaka leo, bila tunda sisemi ni ipi, nimewahi kusema kwa kujiamini nikajirudi wiki ya pili. Watu waijumlisha na abutiloni, ndugu yake wa ukoo huu huu, kwa sababu majani ya baadhi yao ni ya mahameli na yana umbo la moyo. Pasua tunda, vipande vyake vimepangwa duara kama chungwa: kipande chenye mbegu moja ni sida, zaidi ya moja ni abutiloni. Si ushamba wa majina huu. Ipo sida moja yenye kichangamsho cha jamii ya efedrini, kile cha kupandisha presha na mapigo ya moyo, Marekani walipiga marufuku vidonge vya kupunguza unene vyenye kitu hicho 2004, na wewe wamchemshia bibi yako mwenye presha ukidhani ni mfagio tu.

Choya, ile rozela ya kinywaji chekundu, nitaenda mbio kwa sababu ni odio ile ile rangi tofauti. Ati nyekundu basi yaongeza damu. Kwanza si maua, ua lake ni la njano hafifu lenye kitovu chekundu na lafa siku moja, mnachonunua ni kile kikombe kinachonenepa kulizunguka tunda. Pili wekundu wake tia magadi kidogo uone unavyokimbilia zambarau, sa damu gani hiyo? Inachofanya kweli ni kushusha presha kidogo: kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010, watu 65, vikombe vitatu kwa siku wiki sita, ile presha ya juu ikashuka kama alama 7 huku waliokunywa kinywaji cha kudanganyia wakishuka 1 na kitu. Sa fikiria mama aliyepungukiwa damu, ana kizunguzungu, presha yake iko chini tangu hapo, jirani amwambia shoga ongeza choya. Choya ina vitamini C ya kusaidia madini ya chuma yaingie na ina vile vya ukali kama vya chai vinavyoyazuia, hesabu ya mwisho ni ipi sitamwekea mtu dhamana. Mjamzito aende kliniki.

Mizizi ya mpamba siuzi. Msiniulize ya nini, nyinyi mwajua ya nini, na mimi najua, na siuzi.

Mzee alirudi Jumamosi. Dawa zake sasa amezitenga na bamia, goti amekwenda kupigwa picha, akaniambia kwa sauti ya chini asiskike na wanawake waliokuwa kaunta, "Goti bado, lakini mwanangu, choo... mashallah." Nikamwambia ndo hiyo dawa yenyewe, endelea.

Wanaotaka kutambuliwa mmea leteni tawi lenye ua NA tunda, limelazwa ndani ya gazeti, si jani moja lililosokotwa mfukoni na si ndani ya mfuko wa plastiki, ambao hapa Kenya ni marufuku tangu 2017 na bado kila wiki mmoja waniletea majani yameoza humo. Picha za giza kwenye simu sijibu. Ijumaa nafunga saa sita.