Nikienda kliniki peke yangu, mama ataambiwa?

Mimi ni muuguzi, na vijana wengi huanza maongezi nami kwa maneno haya: "Nina rafiki yangu anataka kujua..." Huwa namjibu rafiki huyo kwa uzito wote, maana najua aliyeketi mbele yangu anasikiliza kwa ajili yake mwenyewe. Haya ndiyo anayoniuliza mara kwa mara kuhusu kwenda kliniki kwa mambo ya ngono, mimba na magonjwa ya zinaa.

Nikienda peke yangu, mzazi ataambiwa?

Kwa kawaida, hapana. Kutunza siri ya mgonjwa ni sehemu ya maadili ya daktari, muuguzi na mfamasia, na maadili hayo hayamhusu mtu mzima tu. Ila sheria hazifanani. Kuna mahali ambapo kijana wa miaka 16, au hata chini ya hapo, anaweza kukubali matibabu mwenyewe. Kwingine ni mpaka afike 18, na kwingine kinachopimwa ni kama ameelewa anachokikubali. Huduma nazo zinatofautiana: kuchukua kondomu hakuna masharti kama ya upasuaji.

Kwa hiyo uliza mapema, kabla hujasimulia chochote: "Nikikueleza jambo, litabaki kati yetu? Ni lipi ambalo utalazimika kumwambia mtu mwingine?" Mhudumu mzuri hakereki na swali hilo. Akikufokea au akizungukazunguka, unaruhusiwa kuinuka ukatafute mwingine.

Kwani kuna siri asizoweza kutunza?

Zipo. Ukimwambia unafikiria kujiua, au kuna mtu anakulazimisha kufanya ngono, anakutishia au anakuumiza, atawahusisha wengine ili ulindwe. Nchi nyingi pia zinamtaka atoe taarifa ikiwa umri wako uko chini ya kiwango fulani, hasa kama uliye naye ni mtu mzima. Mwombe akwambie kabla: nani ataambiwa, na ataambiwa nini. Na kama anayekuumiza anaishi nyumbani kwenu, litamke hilo waziwazi, kwa sababu linabadilisha kabisa nani aitwe na nani asiitwe. Kosa si lako.

Naogopa. Siwezi kusubiri kidogo nipate ujasiri?

Hapa ndipo moyo wangu huuma. Nimewaona waliofika wamechelewa kwa sababu tu walikuwa wanatafuta ujasiri, na mwili hauwasubiri.

Kama umefanya ngono bila kinga, au kondomu imepasuka, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri zaidi kadiri unavyoviwahi, na mwisho wake ni siku 5 baada ya tendo. Kitanzi cha shaba, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, nacho kinaweza kuwekwa ndani ya siku hizo 5, na huzuia mimba vizuri kuliko vidonge. Vidonge hivyo havitoi mimba iliyokwisha kutunga. Kujiosha ukeni, hata kwa maji ya moto au soda, hakuzuii kitu.

Kama kuna hatari ya VVU, zipo dawa za kinga zinazoanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Saa 72 ni siku 3 tu, tena kila saa ina thamani yake. Ukibakwa, nenda upesi ukapate dawa hizo zote, hata kama bado hujui utamweleza nani yaliyokupata.

Kipimo cha mimba cha mkojo kinaaminika kuanzia siku ambayo hedhi ilipaswa kuja ikakosa kuja. Kama tarehe zako hazieleweki, pima siku 21 baada ya tendo. Ukipima mapema mno unaweza kujifariji bure.

Nitavuliwa nguo?

Mara nyingi, la. Kupata vidonge vya uzazi wa mpango ni maongezi na kupimwa presha. Klamidia na kisonono, ambayo ni magonjwa ya zinaa, hupimika kwa mkojo: unapewa kikopo, unaingia chooni, unarudi nacho kimefunikwa. VVU na kaswende ni tone la damu. Kitanzi ndicho kinachohitaji uchunguzi wa ndani. Hata hapo unaweza kuomba mhudumu wa jinsia unayoitaka, au mtu wa kusimama karibu nawe, na ukisema "acha" lazima aache.

Sina dalili yoyote. Nipimwe kwa nini?

Kwa sababu klamidia hukaa kimya. Wengi hawasikii maumivu wala kuona uchafu, huku mirija ya uzazi ya msichana ikiweza kuharibika. Ikigundulika mapema, dawa za kuua bakteria huimaliza. Wavulana nao waje, kwani ukimya huohuo unawakuta wao pia, na wenza wasipotibiwa wote wataambukizana upya.

Basi siri huvujia wapi?

Nilivyoona mimi, mara chache ni mdomoni mwa muuguzi. Huvuja kwenye karatasi ya dawa iliyosahaulika mfukoni mwa sketi inayokwenda kufuliwa. Huvuja kwenye ujumbe wa kukukumbusha miadi, simu ikiwa mezani. Bima ya familia ikilipa, taarifa inaweza kumfikia mwenye bima. Basi mwambie karani akutumie ujumbe kwa namba gani, au asitume kabisa, na uulize malipo yataandikwa kwa jina la nani.

Nikimficha mama, nimemkosea?

Kutaka faragha juu ya mwili wako si kumdharau mzazi. Wapo wazazi ambao, baada ya mshtuko wa kwanza, huwa ndio wanaokumbusha saa ya dawa. Na wapo ambao kuwaambia ni hatari. Wewe ndiye unayemjua wako. Ukiamua kumwambia na maneno yakakukwama, mwombe muuguzi umlete mama siku nyingine, akae nanyi, aanze yeye sentensi ya kwanza. Nimefanya hivyo mara nyingi. Mlango tunaufunga, na hakuna anayeharakishwa.